Uzi: Kanisa kongwe kugeuzwa kituo cha sanaa – tuanze na maji, jukwaa litafuata

#1 – Mwiko na Timazi

Wakuu, kila kanisa kongwe lililofungwa linapokabidhiwa wanajamii ili liwe kituo cha sanaa, mazungumzo huanzia jukwaani: taa ngapi, viti vingapi, spika za aina gani. Uzi huu nauanzia juu ya paa na chini ukutani, kwa sababu huko ndiko fedha nyingi za miradi hii zinakopotelea. Watu hupiga lipu mpya na kupaka rangi kabla ukuta haujakauka, na mvua za msimu mmoja tu zinaibandua kazi yote.

Nazungumzia kanisa la mawe au la matofali ya kuchoma, lililojengwa kwa chokaa na kuezekwa juu ya kenchi za mbao. Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824 na ikachukua miongo mingi kusambaa, kwa hiyo jengo la karne ya 19 au kabla yake huenda likawa la chokaa tupu. Kujua ni rahisi: kwangua kiungo (kile kinachojaza kati ya jiwe na jiwe) kwa ncha ya msumari. Chokaa hukwanguka na kuacha unga mweupe, saruji huukataa msumari.

Mpangilio wa kazi ninaoutetea ni huu.

Kwanza paa. Ingia ndani siku ya mvua kubwa ukiwa na tochi na mchoro wa jengo, uweke alama kila panapodondoka. Sehemu tatu huvuja kuliko nyingine zote: pale paa linapogusana na mnara, bonde ambapo mapaa mawili yanakutana, na gata lililofichwa nyuma ya ukuta wa ukingo. Hilo la tatu ndilo hatari zaidi, maana likiziba maji humwagikia ndani ya ukuta, tena juu ya vichwa vya boriti. Mabomba ya kushusha maji yakague upande wa nyuma, unaotazama ukuta. Huko brashi ya rangi haikufika, kwa hiyo bomba la chuma huanza kuoza na kupasuka huko huku mbele likionekana zima.

Pili ardhi. Makanisa yaliyozungukwa na makaburi, bustani au lami huwa na udongo uliopanda kidogo kidogo mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Ushushe hadi sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu. Mfereji wa kokoto wa upana wa sentimita 30 pembeni ya ukuta husaidia, ila usichimbe ukafika chini ya msingi. Kuta nyingi kongwe zina msingi mfupi sana, na mtaro mrefu ulioachwa wazi wakati wa mvua unaweza kuifanya kona nzima ishuke. Chimba vipande vya mita moja au mbili, jaza, ndipo uendelee.

Tatu, toa vilivyouziba ukuta: lipu ya saruji, rangi ya mafuta, sakafu ya zege iliyomwagwa mpaka ukutani. Kisha subiri. Kwa kukadiria, ukuta wa mawe ulioloa hukauka sentimita 2.5 hivi kwa mwezi. Ukuta wa unene wa sentimita 60 unaweza kuchukua miaka miwili. Najua kamati hazipendi kusikia hivyo, lakini jengo si lazima lifungwe muda huo wote. Mazoezi ya kwaya, madarasa ya uchoraji na maonyesho ya picha kwenye mbao zinazosimama zenyewe vinaweza kuendelea ukuta ukiwa mtupu.

#2 – Mlezi wa Jumba

Mkuu shukrani. Swali: kuna kanisa ambalo mita moja ya chini ya ukuta inabanduka kila mwaka na kutoa unga mweupe kama chumvi. Mafundi wamepiga lipu ya saruji mara mbili wakachanganya na dawa ya kuzuia maji. Sasa ubandukaji umepanda hadi mita moja na nusu. Tatizo ni mchanganyiko au ni fundi?

#3 – Mwiko na Timazi

Mlezi, fundi anaweza kuwa hodari na bado hali ikawa hiyo hiyo. Ule unga ni chumvi kweli. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta yakiwa yamebeba chumvi, na yanapofika usoni hukauka na kuiacha. Chumvi ikiganda ndani ya vitundu vya jiwe hutanuka na kulimega. Ulipoziba mita moja kwa saruji, maji hayakukoma, yaliendelea kupanda mpaka yakapata pa kutokea juu ya saruji. Ndiyo maana umefika mita moja na nusu. Ukiziba tena utafika mbili.

Kanuni ya kushika ni kwamba kiungo na lipu viwe laini na vyenye kupumua kuliko jiwe. Kiungo ndicho kinachopaswa kuliwa na hali ya hewa, kwa sababu kinabadilishika. Ukiweka saruji kwenye kiungo, kazi ya kupitisha unyevu inahamia kwenye jiwe, na jiwe ndilo litakalolika.

Mchanganyiko wa kazi ya ndani: chokaa rojo (chokaa iliyozimwa kwa maji ikawa uji mzito) sehemu 1, mchanga sehemu 3, kwa ujazo. Hiyo 3 haikutoka hewani. Chukua chombo cha lita moja, jaza mchanga mkavu, kisha mimina maji uliyoyapima mpaka yafike usawa wa mchanga. Yakiingia mililita 330, theluthi moja ya ujazo ni nafasi tupu, na chokaa ndiyo inayotakiwa kuzijaza. Yakiingia 400, mchanga wako una punje za saizi moja na 1 kwa 3 itakuwa dhaifu, kwa hiyo nenda 1 kwa 2.5. Mchanga uwe wa punje kali, kubwa na ndogo pamoja, uliooshwa. Mchanga wa pwani wenye chumvi usiuguse.

Anayezima chokaa mwenyewe aitie chokaa ndani ya maji, kidogo kidogo. Asimwage maji juu ya chokaa. Huchemka kwa nguvu na kuruka, na tone moja jichoni linaweza kupofusha. Miwani iliyofunika pande zote, glavu ndefu, na ndoo ya maji safi pembeni. Rojo likae chini ya maji angalau miezi mitatu kabla ya kutumika.

Kwa mnara na sehemu zinazopigwa na mvua moja kwa moja, chokaa rojo peke yake hukawia kushika. Hapo tumia chokaa ya haidroliki, ile inayoganda hata penye unyevu. Madaraja yake ni 2, 3.5 na 5. Kwa viungo vya kawaida 3.5 inatosha. Daraja 5 inakaribia ugumu usiotakiwa, iache kwa mawe magumu sana yaliyo juu kabisa.

Kupiga pointi, yaani kujaza viungo upya: chimbua kiungo kwa kina mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 25. Tumia tindo nyembamba na nyundo. Grainda kwenye kiungo chembamba hukata kingo za mawe na jeraha hilo halifutiki. Penye saruji iliyong'ang'ania kiasi kwamba kuitoa kutavunja jiwe, iache mpaka iachie yenyewe. Piga brashi kutoa vumbi, lowesha, sindilia chokaa ndani kwa tabaka zisizozidi milimita 15. Ikishaanza kukaza, ipige kwa ncha za brashi ngumu ili uso ufunguke. Usiisugue ikang'aa kwa mwiko.

Kisha gunia mbichi. Hapa ndipo kazi nzuri huuliwa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa, na haiwezi kuivuta ikiwa kavu. Ukiiacha juani ikauke siku moja, itakuwa ngumu machoni na unga kidoleni. Ninginiza magunia, yanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku saba. Kwenye nchi za baridi, simamisha kazi joto likishuka chini ya nyuzi 5.

Kwa ule ukuta wako: toa saruji hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, shusha udongo wa nje, piga brashi kavu kila chumvi inapochomoza. Usiioshe, ukiiosha unairudisha ndani. Halafu piga lipu ya chokaa ukijua kwamba ya kwanza ni ya kunyonya chumvi na itabidi itolewe baadaye.

#4 – Kenchi

Naongezea upande wa mbao na nyufa, kwa kuwa ukumbi wa sanaa hulitaka paa lifanye kazi ambayo halikupangiwa.

Boriti la kenchi huoza mwishoni, pale linapoingia ukutani. Katikati huwa zima na linapigwa picha nzuri, huku kichwa chake kikiwa uji. Chomeka bisibisi: ikizama zaidi ya milimita 10 bila nguvu, pana ugonjwa. Pima unyevu kwa kifaa cha pini mbili. Mbao iliyo chini ya asilimia 20 hailiwi na kuvu. Mbao ya asilimia 28 karibu na ukuta ni dalili kwamba paa bado linavuja, kwa hiyo rudi kwa #1 kabla ya kupiga dawa yoyote. Mchwa nao hufuata unyevu. Tafuta mifereji ya udongo kutoka msingini, nyuma ya mbao za ukutani na chini ya mabenchi.

Ukarabati ni kukata sehemu iliyooza mpaka kufikia mbao safi, kuunga kipande cha mti wa aina ile ile kwa kiungo cha mshazari, na kufunga kwa bolti za chuma kisichoshika kutu. Kichwa kipya kiachiwe nafasi ya hewa pande zote na kikalie jiwe au bamba la risasi (ile metali laini), kisizungushiwe udongo wala saruji. Unyevu wa mbao mpya ukaribiane na wa ile kongwe, la sivyo itasinyaa na kulegeza bolti.

Sasa taa. Msitundike chochote kwenye kenchi kwa kuwa tu inaonekana nene. Boriti la chini la kenchi kazi yake ni kuvuta, kuzuia kuta zisisukumwe nje. Ukilining'inizia mzigo katikati unalipinda, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mhandisi wa miundo akokotoe kila kenchi na atoe barua ya kilo zinazoruhusiwa kwa kila nukta. Barua hiyo ibandikwe ukutani, kwa sababu kikundi kitakachokodi ukumbi mwaka wa tatu hakitajua historia. Pendekezo langu ni minara ya alumini inayosimama sakafuni yenyewe na kubeba taa zote. Mzigo unashuka ardhini na kenchi zinabaki na kazi yao.

Nyufa: usizijaze mwaka wa kwanza. Gundisha vipini viwili vya shaba, kimoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa kalipa kila mwezi kwa miezi 12 na uandike hali ya hewa ya siku hiyo. Ufa unaofunguka na kufunga nusu milimita kufuata msimu ni jengo linapumua. Ufa unaoongezeka tu bila kurudi ni msingi unaoshuka. Chini ya milimita 5 mara nyingi ni kazi ya fundi chokaa. Kati ya 5 na 15 aitwe mhandisi. Ukizidi 15, watu wasikae chini yake mpaka ukuta uegemezwe.

Na roshani ya kwaya! Ilijengwa kwa waimbaji wanaosimama tuli. Kwa watu wanaoruka na kucheza, kiwango cha kawaida cha usanifu ni kilonewton 5 kwa mita ya mraba, yaani kama kilo 500. Roshani nyingi za mbao hazifiki hapo. Fungeni ngazi mpaka ipimwe. Ukingo wake nao huwa wa kufika magotini, unahitaji kupandishwa hadi mita 1.1. Fimbo nyembamba za chuma juu ya ukingo wa zamani zinatosha, msikate nakshi.

#5 – Karani wa Kamati

Wadau, kabla ya tindo ya kwanza kuna karatasi. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1222, inampa askofu mamlaka ya kuliondolea kanisa hadhi ya ibada, kwa sharti kwamba matumizi mapya yasiwe ya aibu. Madhehebu mengine yana taratibu zao. Jambo la vitendo ni hili: andikeni mapema, ndani ya mkataba, nini hakitafanyika humo, na vitu vipi vinaondoka (madhabahu, vyombo, mabaki matakatifu, mbao za kumbukumbu za marehemu) na nani anavichukua. Kamati ikiahirisha mazungumzo haya mpaka tamasha la kwanza, waumini wa zamani wataumia, na wana haki ya kuumia.

Ulizeni pia kuhusu makaburi chini ya sakafu. Kanisa la St Luke, London, lililokamilika 1733, lilifungwa 1959 kwa sababu ya kudidimia na paa likaondolewa. Lilipogeuzwa kuwa makao ya mazoezi ya London Symphony Orchestra, likafunguliwa 2003, mabaki ya watu zaidi ya 1,000 yalikuwa yamelazimika kuhamishwa kutoka chini yake. Hiyo ni kazi ya wanaakiolojia na ina kalenda yake. Mkiigundua mkandarasi akiwa tayari kazini, kila siku ya kusubiri mnailipia.

Nguzo ya kimaadili ya kazi nzima naiona kwenye Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale: matumizi yenye faida kwa jamii yanasaidia kulihifadhi jengo, lakini yasibadilishe mpangilio wala mapambo yake, na urejeshaji usimame pale ambapo kubahatisha kunaanza. Kama hakuna picha wala mchoro wa dari ya asili, msibuni dari. Wekeni kitu kipya, safi, kinachojulikana kuwa ni kipya.

#6 – Sauti Safi

Nimesubiri tufike kwenye mwangwi. Naweka hesabu, maana hili watu hulifanya kwa kukisia.

Chukua ukumbi wa mita 25 kwa 10, kimo cha wastani mita 9. Ujazo ni mita za ujazo 2,250. Kanuni ya Sabine: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo, gawanya kwa jumla ya mita za mraba zinazonyonya sauti. Kuta za mawe na lipu hazinyonyi karibu kitu, kwa hiyo ukumbi mtupu wa aina hii unaweza kupima sekunde 4. Maana yake una kama mita za mraba 91 za unyonyaji tu.

Kwaya na kinanda cha mabomba hupenda sekunde 2 na zaidi. Tamthilia na mashairi yanataka karibu sekunde 1. Bendi yenye ngoma na besi inataka hata pungufu. Hakuna namba moja itakayowafaa wote, na hapo ndipo kamati hukosea kwa kufunika kila kitu kwa kudumu. Mkiua mwangwi wote, mmeiondoa sababu iliyowafanya wanakwaya walitafute kanisa.

Tuseme shabaha ni sekunde 1.6. Unahitaji jumla ya mita za mraba 226 za unyonyaji, yaani nyongeza ya 135. Watu 200 walioketi huleta kama 90, tukikadiria 0.45 kwa mtu. Bado 45. Pazia zito la sufu, lililokunjwa mara mbili ya upana wake, hunyonya kama 0.55 (zaidi ya nusu) ya sauti za katikati zinazolifikia, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 80 hivi za pazia likiwa limetanda. Liwe kwenye reli ili siku ya kwaya livutwe na kufichwa nyuma ya nguzo.

Lining'inie sentimita 20 kutoka ukutani. Likigusa ukuta linanyonya filimbi na herufi za "s" tu. Nafasi ya sentimita 20 huliwezesha kushuka hadi karibu hezi 430. Besi haitaguswa na pazia lolote la unene unaobebeka. Kwa besi kuna masanduku ya mbao nyembamba yenye hewa na pamba ya mawe ndani, ambayo yanaweza kuwa ndio migongo ya viti au ngazi za jukwaa.

#7 – Mpiga Zumari

Sauti Safi, kwa nini usitandike zulia sakafu nzima? Ni rahisi kuliko pazia na reli zake.

#8 – Sauti Safi

Zulia hunyonya sauti za juu na kuziacha za chini, kwa hiyo ukumbi unakuwa na vuma: maneno yanafifia, besi inabaki. Tena baada ya watu kukaa, viti na miguu vimeshalifunika, kwa hivyo halikusaidii saa unayolihitaji. Na Mwiko atakwambia jambo lingine: zulia lenye mpira chini hufunga unyevu wa sakafu ya mawe na kuusukumia ukutani.

Spika nazo: msiweke mbili kubwa mbele na kuzipandisha sauti. Zinawasha mwangwi wote wa dari. Tumieni spika nyembamba za safu, zilizoelekezwa kwenye masikio ya watu na mbali na dari, na jozi ya pili katikati ya ukumbi iliyocheleweshwa. Sauti husafiri mita moja kwa takriban milisekunde 2.9. Jozi iliyo mita 12 nyuma ya ya kwanza icheleweshwe milisekunde 35, kisha ongeza kama 10 ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka jukwaani.

#9 – Kioo cha Rangi

Kuhusu madirisha, ombi moja: msipake rangi nyeusi wala kubandika plastiki kwenye kioo ili kupata giza la tamthilia. Plastiki ikibanduliwa inaweza kuondoka na rangi iliyochorwa karne nyingi nyuma. Tengenezeni fremu nyepesi za kitambaa kizito zinazoning'inizwa upande wa ndani, sentimita 10 kutoka kioo, wazi juu na chini ili joto litoke. Ubao mweusi uliofungwa kabisa juani hupika risasi inayoshika vioo, nayo ikilegea dirisha zima hujipinda.

Kila dirisha lipigwe picha kwa mwanga wa nyuma na wa mbele kabla ya skafoldi kufika. Gusa kwa kidole taratibu: kipande kinachocheza kina risasi iliyochoka. Nondo za mlalo za chuma ziangaliwe pale zinapoingia kwenye jiwe. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe na hupasua fremu ya jiwe. Mbadala ni shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu. Kusafisha ni kwa pamba na maji yaliyotolewa madini, baada ya kujaribu kona moja. Sabuni nyingi za vioo za dukani zina amonia, ziache.

Kioo cha ziada cha kujikinga na mawe kinafaa, lakini lazima hewa ipite kati yake na kile cha zamani. Bila hivyo ukungu utafanya kazi ambayo mawe hayakuifanya.

#10 – Waya wa Ardhi

Umeme kwa ufupi. Taa 24 za LED za wati 200 ni kilowati 4.8. Sauti weka 4. Jumla 8.8, ambayo kwa volti 230 ni ampia 38, kabla ya jiko la chai, feni na kompyuta. Ombeni fezi tatu mapema, kwa sababu kebo mpya kutoka barabarani inaweza kupita makaburini na inahitaji ruhusa yake. Sauti iwe na sakiti zake, mbali na taa, msije mkasikia mlio kwenye spika kila taa inapopunguzwa. Soketi zote zilindwe na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30.

Waya zipite juu ya ukuta na zifungwe kwenye viungo vya chokaa, kamwe zisitobolewe ndani ya jiwe. Shimo la kiungo linazibwa kwa dakika tano. Na mnara ndio kitu kirefu zaidi hapo, kwa hiyo kinga ya radi ipimwe upya. Tepu ya shaba iliyoibwa chini kabisa ni jambo la kawaida, na bila hiyo kinga yote ni pambo.

#11 – Mlezi wa Jumba

Nashukuru wote. Hesabu ya milango na hewa inakwendaje? Kanisa lina mlango mmoja mkubwa mbele na mdogo wa sakristia. Na mnarani kuna popo na kinyesi cha ndege mpaka magotini.

#12 – Kenchi

Milango: miongozo ya Uingereza hutumia milimita 5 za upana kwa kila mtu idadi ikizidi 220, na unahesabu ukiuchukulia mlango mmoja kuwa umezibwa na moto. Watu 300 wanahitaji milimita 1,500 baada ya kuutoa ule mkubwa. Mlango wa sakristia wa milimita 800 ni nusu tu hivi ya upana huo, kwa hiyo ama muongeze mlango wa ubavuni, ama mshushe idadi ya watu. Sheria ya kwenu ndiyo itakayoamua, ila hesabu hiyo itawaonyesha ukubwa wa tatizo. Milango ya makanisa hufungukia ndani. Umati ukisukuma, haifunguki tena. Kama milango ni ya kuhifadhiwa, ifungwe ikiwa wazi kwa ndoano muda wote wa onyesho, na milango mipya inayofungukia nje iwekwe ndani yake.

Hewa: mtu aliyeketi hutoa kama gramu 50 za mvuke kwa saa. Watu 200 kwa saa tatu ni lita 30 za maji, na bila hewa ya kutosha nyingi zinaweza kutua kwenye ukuta baridi mliokwisha kuukausha kwa miaka miwili. Kwa lita 10 za hewa kwa mtu kila sekunde mnahitaji mita 2 za ujazo kwa sekunde. Hewa ikienda mita 1 kwa sekunde, huo ni uwazi wa mita 2 za mraba za kuingilia na kama hizo za kutokea juu. Makanisa mengi yana vidirisha vya bawaba vilivyofungwa kwa rangi. Vifungueni kwanza kabla ya kununua mashine. Msipashe ukumbi joto kwa gesi ya mtungi, inatoa maji mengine inapowaka.

Popo: katika nchi nyingi wanalindwa kisheria, na kuziba tundu wakiwa wananyonyesha huwaua watoto ndani. Mtaalamu ahesabu wanatoka wapi jioni, kazi ya paa ipangwe nje ya msimu wa kuzaa, na waachiwe tundu moja upande usiotumika. Kinyesi cha ndege kiloweshwe kwanza ndipo kikwanguliwe, na anayekwangua avae barakoa ya kuzuia chembe ndogo na ovaroli ya kutupa. Kikivurugwa kikavu, vumbi lake hubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Sakafu ya mnara ichunguzwe kutoka chini kabla mtu hajasimama juu ya uzito huo.

#13 – Karani wa Kamati

Kenchi ameandika milango mipya ndani ya ile ya zamani. Nakazia hapo, kwa sababu ndiyo njia ya kufanya karibu kila kitu kingine. Huko Maastricht, kanisa la Wadominiko la karne ya 13 liligeuzwa duka la vitabu, na rafu zake ni jengo la chuma la ghorofa linalosimama lenyewe upande mmoja wa ukumbi. Vyoo, jikoni na chumba cha wasanii vifanyeni hivyo: kisanduku kinachosimama kwenye sakafu, mabomba yakipita kwenye njia iliyopo. Kisanduku kiwe na dari yake, maana joto na mvuke wa choo havipaswi kupanda kwenye kenchi.

#14 – Mwiko na Timazi

Nakubaliana, na niongeze kipimo kimoja: kisanduku kikae sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani, mtu mwembamba mwenye tochi aweze kupita. Ukuta unaofichwa nyuma ya choo ndio utakaoloa bila mtu kujua. Mlezi, ukishatoa ile saruji, weka hapa vipimo vya unyevu kila mwezi kwa kimo cha sentimita 20, 100 na 150, ukianza na upande unaopigwa na mvua. Kwa hizo namba tutajua lini upige lipu.